Kijia cha bustani: Tazama maji kabla ya kununua mawe

MVUA kubwa ikinyesha kwa saa moja tu, kijia kinachotoka langoni hadi mlangoni katika nyumba nyingi za pembezoni mwa miji hugeuka kijito. Maji huteremka juu ya saruji, yakabeba udongo na mbolea ya matuta, kisha yakaishia ama kwenye msingi wa nyumba au katika ua wa jirani.

Wiki mbili baadaye, jua likiwaka, mwenye nyumba huyo huyo hulazimika kununua maji ili anyunyizie mboga na maua yanayonyauka hatua mbili tu kutoka kijia kile kile.

Kiini cha kinaya hicho ni dhana kwamba kijia ni kazi ya fundi wa mawe, ilhali matuta ni kazi ya mtunza bustani. Kwa hakika hiyo ni kazi moja. Mahali kijia kinapopita, kimo chake juu ya ardhi na upande kinakoinamia ndivyo huamua ni mimea ipi itakayopata maji na ni ipi itakayokauka. Anayejenga kijia kwanza kisha akaanza kutafuta pa kupanda, aghalabu hugundua kwamba uamuzi tayari umekwisha kufanywa na saruji.

Suala hili si la mapambo pekee. Mafuriko ya kati ya Machi na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kuwaacha wengine wengi bila makao. Mito iliyovunja kingo zake haikujazwa na maji ya ua mmoja. Hata hivyo, kila tone linaloangukia paa na sakafu ngumu bila kupata pa kuingilia ardhini huongezea mzigo mitaro ambayo mara nyingi imeziba kwa taka. Mwenye nyumba hana uwezo wa kupanua mtaro wa barabara, lakini ana mamlaka juu ya ua wake.

HESABU YA MAJI

Kanuni ya kupima maji ya mvua ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikiangukia eneo la mita moja mraba, huwa lita moja ya maji.

Chukua mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo Wakenya wengi huiita nane ya ekari. Ukubwa wake ni takriban mita mraba 465. Tuseme paa la nyumba lina mita mraba 100, sehemu ya kuegesha gari iliyofunikwa kwa kabro ina mita mraba 60, na vijia vyenye upana wa mita 1.2 vina urefu wa jumla ya mita 20, yaani mita mraba 24. Jumla ya eneo gumu ni mita mraba 184.

Mvua ya milimita 30, ambayo si kioja katika msimu wa masika, ikianguka hapo huleta karibu lita 5,520. Hiyo ni mitungi 276 ya lita 20. Paa pekee huchangia lita 3,000, ambazo zinafaa kuelekezwa kwenye tangi. Lita 2,520 zinazosalia ni za sakafu na vijia. Swali la kujiuliza kabla ya kununua hata jiwe moja ni hili: maji hayo yataelekea wapi?

TEMBEA KWANZA, CHORA BAADAYE

Kazi ya kwanza haihitaji fundi. Mwenye ua anapaswa kusubiri mvua, avae viatu vya mpira, kisha atembee na kutazama. Aone maji yanaingilia upande upi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Mahali pa kila dimbwi pawekewe kigingi. Mvua mbili au tatu zitamfunza mengi ambayo mchoro wa karatasi hauwezi kumfunza.

Jambo la pili la kutazama ni nyayo. Watu wa nyumbani hawatembei kwa pembe mraba. Hukata kona kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye tangi, na kutoka langoni hadi kizingitini. Nyasi zilizokufa huonyesha wazi njia hizo. Kijia kinachofuata nyayo hutumiwa. Kinachozipuuza hubaki pambo, huku watu wakiendelea kukanyaga matuta.

Tatu, ni lazima kujua kilichomo chini ya ardhi. Mabomba ya maji, nyaya za umeme na tangi la maji taka huwa vimefukiwa katika ua huo huo. Kijia kinaweza kupita juu ya bomba iwapo kimejengwa kwa vipande vinavyoweza kung'olewa na kurejeshwa. Zege iliyomwagwa juu ya bomba itavunjwa kwa nyundo siku bomba litakapopasuka.

Baada ya hapo, mkondo wa kijia uchorwe ardhini kwa majivu au chokaa, au ulazwe mpira wa kunyunyizia maji ukifuata mpindo unaotakiwa. Familia ipite hapo kwa wiki nzima, ikibeba ndoo na kusukuma wilbaro. Kosa la majivu hufutwa kwa ufagio, ilhali kosa la saruji hufutwa kwa pesa.

UPANA NA MWINAMO

Kijia kikuu cha kutoka langoni kinafaa kuwa na upana wa mita 1.2 ili watu wawili waweze kutembea bega kwa bega. Kijia cha kupitishia wilbaro kati ya matuta hutosha kikiwa na sentimita 90. Vijia vidogo vya kusimama ili kupalilia vyaweza kuwa na sentimita 45. Kupunguza upana wa kijia kikuu ili kupata nafasi ya mboga ni akiba ya uongo, kwa kuwa mimea ya kandokando itakanyagwa.

Ikiwa nyumbani kuna mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kijia kinachompeleka mlangoni kisipungue sentimita 90. Mpando usizidi mita moja ya kimo kwa kila mita 12 za urefu, na viungo kati ya mawe visiwe na nafasi ya kunasa mkongojo. Mawe laini yanayong'aa yaepukwe kwa kuwa yakilowa huteleza.

Kuhusu maji, kijia kisiwe tambarare kabisa. Kiinamie upande mmoja kwa sentimita 2 kwa kila mita moja ya upana. Kijia cha mita 1.2 basi kitakuwa chini kwa takriban sentimita 2.4 upande mmoja kuliko mwingine. Macho hayatambui tofauti hiyo, ila maji huitambua. Pale kijia kinapopakana na ukuta wa nyumba, mwinamo lazima uelekee mbali na ukuta.

Hapa ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika. Wengi huinua matuta kwa kuyajengea kingo za mawe au matofali pande zote, kisha kijia kikaachwa chini kati ya kingo mbili. Umbo hilo ni la mtaro. Maji hayana budi kukimbia hadi mwisho wake, nayo mimea iliyo juu ya kingo ikibaki na kiu.

Suluhu ni kufanya kinyume: uso wa kijia uwe juu kwa sentimita 3 hadi 5 kuliko udongo wa tuta lililo upande wa mwinamo. Iwapo kingo ni za lazima, ziachwe nafasi za upana wa kiganja kila baada ya mita moja ili maji yapenye na kuingia tutani.

MSINGI WA KIJIA

Kijia hudumu kwa sababu ya kile kisichoonekana. Kwanza, udongo wa juu wenye rutuba huondolewa na kurundikwa kando. Huo ni mali ya matuta mapya, wala si taka ya kutupwa. Shimo huchimbwa kwa kina cha takriban sentimita 20, kisha sakafu yake ikashindiliwa kwa kifaa kizito.

Tabaka la kwanza ni sentimita 10 za mawe yaliyovunjwavunjwa au murram, nalo hushindiliwa kidogo kidogo huku likinyunyiziwa maji. Juu yake huja sentimita 3 hadi 4 za mchanga uliosawazishwa kwa ubao. Mwisho hulazwa kabro, ambazo kwa kijia cha kutembea hutosha zikiwa na unene wa milimita 60. Kamba na pimamaji visiachwe mbali katika hatua zote hizi, la sivyo mwinamo utapotea.

Kwa kijia cha urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.2, eneo ni mita mraba 14.4. Tabaka la mawe litahitaji takriban mita 1.44 za ujazo, na mchanga zaidi ya nusu mita ya ujazo. Kabro za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja mraba, kwa hivyo zitahitajika 720, pamoja na nyongeza ya 40 hivi kwa ajili ya zitakazovunjika au kukatwa pembeni. Mnunuzi aliye na hesabu hiyo mkononi hawezi kupunjwa kwa urahisi.

Viungo vya kabro vijazwe mchanga, visizibwe kwa saruji. Mchanga huruhusu sehemu ya maji kupenya. Hali kadhalika, kijia cha kokoto kilichozungushiwa kingo imara hupenyeza maji vizuri zaidi na ni nafuu, ingawa hakifai kiti cha magurudumu. Mawe bapa kutoka Mazeras, yanayopendwa katika nyumba nyingi nchini, yaweza kulazwa juu ya mchanga yakiachiwa nafasi ndogo za kuota nyasi.

KILA UDONGO NA TABIA YAKE

Ushauri uliofaa Kiambu waweza kuwa hasara Kitengela. Udongo mwekundu wa nyanda za kati hupitisha maji vyema na hushikilia msingi, lakini ukiachwa wazi kwenye mteremko huchukuliwa na mvua. Kijia katika mteremko wa aina hiyo kisishuke moja kwa moja kama ngazi. Kipite kwa kukingama au kwa kupindapinda, ili kiwe kizuizi cha maji badala ya kuwa njia yake.

Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana Kitengela, Athi River na sehemu za Embakasi hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Zege nyembamba iliyomwagwa juu yake hupata nyufa upesi. Huko ni bora kuchimba zaidi, sentimita 30 au zaidi, udongo huo uondolewe, nafasi yake ijazwe murram iliyoshindiliwa, kisha zilazwe kabro zinazoweza kurekebishwa pindi zikibonyea.

Pwani, mchanga hunywa maji haraka na kupoteza mbolea haraka vilevile. Tatizo huko si madimbwi bali ni unyevu usiodumu. Mfano wa namna ya kuujenga udongo uko Bamburi, ambako kuanzia 1971 René Haller alipanda miti katika timbo la chokaa lililokuwa jangwa. Mvinje ulistahimili, majani yake yakaanguka na kumeng'enywa na jongoo, hatimaye udongo ukapatikana mahali palipokuwa na mwamba mtupu. Leo eneo hilo ni Haller Park. Aliye na ua wa mchanga basi asichome majani makavu, ayatandaze matutani.

Kuujua udongo kwa uhakika hakuhitaji gharama. Chupa ya kioo ijazwe udongo hadi thuluthi moja, iongezwe maji, itikiswe na kuachwa kwa siku nzima. Mchanga utatua chini, tope laini litafuata, na mfinyanzi utalala juu. Anayetaka kupima rutuba anaweza kupeleka sampuli katika maabara za Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO).

Upenyezaji hupimwa kwa shimo la sentimita 30: hujazwa maji, yakaachwa yaishe, likajazwa tena. Iwapo kesho yake bado lina maji, hapo si mahali pa mti wa matunda usiopenda kulowa mizizi, kama mpapai au mparachichi.

KUPANGA MATUTA MAPYA

Baada ya njia ya watu na njia ya maji kujulikana, nafasi za kupanda hujitokeza zenyewe. Kinachobaki ni kuzigawa kwa busara.

Kigezo cha kwanza ni jua. Kenya ikiwa kwenye Ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini karibu na Juni na upande wa kusini karibu na Desemba. Kwa sababu hiyo, tuta lililo kaskazini au kusini mwa ukuta mrefu laweza kunawiri nusu ya mwaka na kukaa kivulini nusu nyingine. Upande wa mashariki hupata jua la asubuhi, lisilochoma, ambalo mboga za majani hulifurahia. Upande wa magharibi hupata jua kali la alasiri na unafaa mimea sugu kama vile mshubiri na rozimari.

Kigezo cha pili ni mkono wa mkulima. Tuta linalofikiwa kutoka pande zote mbili lisizidi upana wa mita 1.2, na lililoegemea ukuta lisizidi sentimita 60. Vipimo hivyo humwezesha mtu kupalilia bila kukanyaga udongo uliolainishwa. Udongo ukikanyagwa hugandamana, nayo maji hushindwa kuingia.

Kigezo cha tatu ni umbali kutoka jikoni. Dhania, vitunguu vya majani na mchaichai, ambavyo huchumwa kila siku, vikae hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Sukuma wiki, mchicha na managu vifuate. Miti ya matunda iwe mwisho wa ua, nayo michungwa na milimau isizibe njia. Makarakara hayahitaji tuta pana, kwani hutambaa juu ya ua wa waya.

Mparachichi uachiwe nafasi ya mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba na kijia. Shimo lake liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza na kurejeshwa. Miti ya jamii ya mkuyu haifai karibu na kabro kwa kuwa mizizi yake huzinyanyua.

Usalama wa watoto nao usisahaulike. Mbegu za mbarika zina sumu kali, licha ya kuvutia kwa madoadoa yake. Kadhalika oleanda, yenye maua mazuri ya waridi au meupe, ina sumu katika majani na shina. Mimea hiyo isipandwe kando ya kijia wanakochezea watoto. Kwa sababu hiyo hiyo, miiba ya bogonvilia ikae uani, mbali na mikono ya wapitao.

MAJI YAISHIE KWENYE MGOMBA

Hata mpango mzuri utaacha maji ya ziada mvua inapozidi. Mahali pa chini kabisa katika ua ndipo pa kuyapokelea. Hapo huchimbwa bonde pana lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, lililo mbali na ukuta wa nyumba kwa angalau mita 3 na lisilokaribia shimo la maji taka.

Hekima ya kujaza bonde hilo si ngeni. Katika maboma mengi nchini, nyuma ya bafu huota migomba inayonyweshwa na maji ya kuogea, na nduma hustawi kwenye bonde lenye unyevu. Mimea hiyo miwili hupenda maji mengi, nayo hulipa kwa chakula. Kingo za bonde zipandwe nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huzama chini sana na kushikilia udongo.

Bonde hilo lisiwe bwawa. Maji yanapaswa kuisha katika siku moja au mbili, kwa kuwa yakituama kwa wiki moja hivi yanaweza kuzaa mbu. Yasipoisha, liongezewe kina na kujazwa kokoto chini, au lipanuliwe ili maji yasambae.

KAZI NA MISIMU

Kwa sehemu nyingi za nchi, mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na fupi kati ya Oktoba na Desemba. Kuchimba na kushindilia ni kazi ya kiangazi: Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Miche nayo ingoje mvua zianze. Anayepanda kabla ya kujenga huona matuta yakiponzwa na buti za mafundi, na anayejenga wakati wa mvua huzika tope chini ya kabro.

Asiye na fedha za kukamilisha kwa mkupuo anaweza kugawa kazi. Msimu wa kwanza atazame maji, achore na kuchimba bonde la migomba. Wa pili ajenge msingi wa kijia kikuu kwa murram pekee, ambao watu wanaweza kuutumia ungali hivyo. Wa tatu alaze kabro na kuongeza matuta. Kwa kufanya hivyo atapata pia nafasi ya kurekebisha mwinamo baada ya kuuona ukijaribiwa na mvua halisi.

Kazi ikikamilika, kipimo chake si sura ya kabro zikiwa mpya. Kipimo ni mvua kubwa ya kwanza: mzee atembee hadi langoni bila kuteleza, udongo ubaki tutani, na jirani wa upande wa chini asiwe na sababu ya kubisha mlango akilalamika.